ADHD Kwenye Simu Zetu: Video Zinasaidia Wapi, Zinapotosha Wapi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wazazi, walimu na vijana kuhusu afya ya akili. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.

 

Mimi si daktari, na ni vyema mlijue hilo mapema. Nilisomea uanahabari. Kazi yangu katika kaunti ni kuandika taarifa, kupiga picha na kushika simu wanahabari wanapotaka majibu. Wenzangu wa Idara ya Afya wameniita kwa sababu wanakutana na jambo jipya kliniki: kijana au mzazi anaingia, anakaa, na kabla hajaulizwa lolote anasema, "Daktari, nina ADHD, nimeona TikTok." Wao watazungumza baadaye kuhusu hali yenyewe na matibabu yake. Mimi nimepewa upande wa simu.

Kwa wale ambao hawajakutana na herufi hizo nne, ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Kiswahili hakina neno moja lililozoeleka. Wataalamu husema tatizo la upungufu wa umakini na utukutu wa kupita kiasi. Mtoto hushindwa kutulia, hushindwa kumaliza alichoanza, hukatiza watu maneno, hupoteza vitu, hutenda kabla ya kufikiri, na hayo yote kwa kiwango kinachomharibia masomo, urafiki na maisha ya nyumbani. Wengine hawana utukutu wowote. Wamekaa kimya nyuma ya darasa, macho dirishani, akili iko mbali. Makadirio yanayotumiwa sana na watafiti duniani ni watoto kama 5 katika kila 100, na kwa watu wazima idadi ni ndogo kuliko hiyo. Hali hii hurithiwa sana katika familia. Hailetwi na malezi mabaya, wala na mapepo. Hata sukari tunayoilaumu kila baada ya sherehe ya siku ya kuzaliwa haina hatia: watafiti waliojumlisha majaribio mengi mwaka 1995 hawakuona kwamba inabadilisha tabia za watoto.

Na ADHD haikuzaliwa TikTok. Daktari wa watoto George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London habari za watoto wa namna hii mwaka 1902. Wakati huo reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu miezi michache tu kabla. Kilicho kipya ni kwamba leo mtu wa kijijini, mwenye bando la shilingi 20, anaweza kuisikia habari hiyo kabla daktari hajamwambia.

Nianze na uzuri wa jambo hilo, na sitaupita haraka, maana najua baadhi yenu mmekuja mkitarajia serikali iseme zimeni simu. Mnakumbuka Agosti 2023 ombi lilipelekwa Bunge la Taifa likitaka TikTok ipigwe marufuku nchini. Watu walibishana sana, na programu bado iko kwenye simu zetu. Watoto wetu wanaitazama, na sisi tunaitazama, tukiwa kwenye foleni, tukiwa matatuni, tukiwa kitandani saa sita za usiku.

Uzuri wa kwanza ni kwamba video hizi zimemletea mtoto jina lingine. Yale aliyokuwa nayo mnayajua: mtundu, kichwa ngumu, mvivu, ana mapepo. Na kila jina lilikuja na dawa yake. Mtundu alichapwa. Mvivu aliongezewa kazi. Mwenye mapepo alipelekwa kuombewa, au kwingine. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo, lakini tusidanganyane humu ndani. Kama kuna mtoto aliyeendelea kuionja baada ya mwaka 2001, ni huyu asiyeweza kukaa kitini.

Mama mmoja wa kaunti hii ameniruhusu nitoe habari yake bila jina. Binti yake alikuwa Gredi ya 6. Hakuwa msumbufu, alikuwa mtoto wa "ana uwezo lakini hajitumi", maneno yaliyoandikwa kwenye ripoti yake muhula baada ya muhula. Alisahau sweta, alisahau kazi ya ziada, alianza insha tatu akamaliza sifuri. Nyumbani walimwita mvivu mpaka yeye mwenyewe akawa anajiita hivyo. Siku moja mama akaona video ya mwanamke wa Uingereza, mtu mzima mwenye kazi na watoto, akisimulia utoto wake. Akaniambia, "Nilisikia kama anamsema mwanangu." Hakununua kitu na hakumtangazia mtu. Alipeleka swali kwa mwalimu wa darasa, kisha hospitalini, na baada ya miezi kadhaa ya kwenda na kurudi akapata jibu la mtaalamu. Leo mtoto anakaa dawati la mbele, anapewa kazi vipande vipande badala ya ukurasa mzima, na mama ameacha lile neno.

Wasichana kama huyu ndio waliopotea zaidi miaka yote, kwa sababu hawakumsumbua mtu. Wavulana waliovunja madirisha walionekana. Video za wanawake waliotambuliwa wakiwa na miaka 30 au 40 zimefanya kazi ambayo mabango yetu ya hospitalini hayajaifanya, nami ninayetengeneza mabango hayo nalikubali.

Kuna pia suala la aibu. Nchini mwetu ukisema "Mathari", watu hawafikirii hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910, wanafikiria tusi. Mtu akijua kwamba kwenda kuonana na daktari wa akili kutampa jina mtaani, haendi. Septemba 2016 wadukuzi walianika rekodi za matibabu za wanamichezo kadhaa, miongoni mwao Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani aliyekuwa ametoka kushinda dhahabu 4 katika Olimpiki ya Rio. Rekodi zilionyesha anatumia dawa ya ADHD, kwa idhini. Akaandika Twitter kwamba ana hali hiyo, kwamba ametumia dawa tangu utotoni, na kwamba haoni cha kumwonea aibu. Ujumbe mfupi tu. Fikirieni ni wazazi wangapi waliuonyesha kwa mtoto aliyekataa kumeza kidonge mbele ya wenzake.

Na wapo wanaofanya kazi hii kwa uangalifu. Jessica McCabe wa Marekani, ambaye ana ADHD mwenyewe, alianzisha chaneli ya YouTube mwaka 2016, akajifunza kutoka kwa wataalamu na kuwaeleza watazamaji mbinu za kupanga siku, kuanza kazi ngumu na kutopoteza funguo. Hasemi una ADHD. Anasema kama unayo, jaribu hivi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa maneno, lakini ningetamani kila kijana humu aijue.

Sasa nigeuke upande wa pili.

Mwaka 2022 watafiti wa Kanada walichukua video 100 za ADHD zilizokuwa maarufu zaidi TikTok wakazipitia moja moja. Zilizokuwa na habari za kupotosha zilikuwa 52. Video 27 zilikuwa za watu wakisimulia maisha yao. Zilizofaa kumfundisha mtu zilikuwa 21. Kwa wastani kila video ilikuwa imetazamwa mara milioni 2.8.

Machi 2025 ukatoka utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha British Columbia, huko huko Kanada. Wanasaikolojia wawili walitazama video 100 zilizoongoza, ambazo kwa jumla zilikuwa zimetazamwa karibu mara nusu bilioni. Chini ya nusu ya madai kuhusu dalili yalilingana na mwongozo wa madaktari. Kisha watafiti wakawaonyesha wanafunzi 843 wa chuo video tano bora na tano mbovu. Hapa ndipo mimi kama mwanahabari nilipokaa wima. Wataalamu walizipa zile mbovu alama 1.1 kati ya 5. Wanafunzi wakazipa 2.3. Zile nzuri wataalamu walizipa 3.6, wanafunzi 2.8. Yaani machoni pa wanafunzi, bora na mbovu zilikaribiana. Na wale wanafunzi waliotazama sana video za aina hii walidhani ADHD imeenea kuliko ilivyo. Hawa ni vijana wa chuo kikuu, wanaojua Kiingereza na wenye maktaba. Tusiseme basi kwamba wanaopotoka ni wale wasiosoma.

Kwa nini inakuwa hivi? Hili naweza kulieleza kwa sababu ni kazi yangu. Mfumo wa TikTok hauangalii kama video ni kweli. Unaangalia ulikaa sekunde ngapi, uliirudia, ulimtumia nani. Mtengenezaji wa video anajua hilo, kwa hivyo anatafuta jambo litakalomgusa kila anayepita. Akitengeneza video kuhusu mtoto wa miaka 8 ambaye tangu chekechea hajaweza kukaa chini dakika tano, atapata watazamaji wachache, kwa sababu watoto hao ni wachache. Akisema, "Ukienda jikoni ukasahau ulichofuata, huenda una ADHD," atapata mamilioni. Nani hajasahau alichofuata jikoni? "Ukirudia wimbo mmoja mara ishirini." "Ukiacha ujumbe wa WhatsApp bila kuujibu siku tatu." Hayo ni maisha. Dalili inavyopanuliwa ndivyo soko linavyopanuka.

Kisha ukishamaliza video ya kwanza, unaletewa ya pili. Ukimtumia rafiki, unaletewa kumi. Wiki moja tu, na kila ukifungua simu kuna mtu anakwambia una ADHD, hata unaanza kuona kama jambo limethibitishwa na watu wengi. Hakuna aliyekuchunguza. Simu imejua tu kwamba video za aina hiyo huziachi njiani.

Chumba cha habari, pamoja na udhaifu wake wote, kina mhariri anayeuliza: nani kasema haya, amejuaje, na nani mwingine anaweza kuthibitisha? Kwenye simu mhariri ni wewe, na mara nyingi ni saa sita za usiku na umechoka.

Mtaalamu akimpima mtu ana masharti, na nimeomba ruhusa kwa afisa wetu wa kliniki niyataje kwa sababu video hazipendi kuyataja. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao wataalamu wengi hapa Kenya pia huutumia, una orodha mbili za dalili, kila moja dalili 9. Orodha ya kwanza ni ya umakini, ya pili ya utukutu na pupa. Mtoto anatakiwa awe na angalau 6 katika orodha moja. Aliye na miaka 17 na zaidi, angalau 5. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi. Kadhaa ziwe zilionekana kabla hajafika miaka 12. Zionekane mahali pawili au zaidi, si shuleni peke yake wala nyumbani peke yake. Ziwe zinavuruga maisha. Na pasiwe na tatizo lingine linalozieleza vizuri zaidi.

Chukueni masharti hayo muyajaribu. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa wa tano darasani miaka yote, ambaye hawezi kusoma kurasa mbili tangu alipoingia chuoni akaanza kulala saa tisa za usiku na simu mkononi: hapo lazima tuulize utoto wake ulikuwaje kabla ya kumpa jina. Mtoto anayemsumbua mwalimu mmoja tu, na kwa walimu wengine ametulia kama maji ya mtungini: hapo tuulize kuna nini katika somo lile. Mtu anayesahau funguo lakini kazi yake inakwenda, ndoa yake inakwenda, madeni yake analipa: huyo anasahau funguo. Kwa upande mwingine, mtu mzima aliyefukuzwa kazi nne kwa kuchelewa, aliyeacha shule mara mbili, ambaye mama yake anakumbuka alivyokuwa akipanda juu ya paa akiwa na miaka mitano, na ambaye hajawahi kuulizwa lolote na mtu yeyote: video ikimfanya aende kliniki, imefanya kazi njema.

Lile sharti la mwisho, la tatizo lingine, ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Video nyingi zinatoka Marekani na Uingereza, na zinasemwa kwa watu wa huko. Hazimtaji mtoto ambaye hasikii vizuri kwa sababu ya usaha wa sikio wa muda mrefu, naye anaonekana hafuati maagizo. Hazimtaji mtoto anayehitaji miwani na haoni ubao. Ipo aina ya kifafa ambapo mtoto haanguki wala hatupi mikono. Anaduwaa sekunde chache, kisha anarudi, na hilo linaweza kutokea mara nyingi kwa siku. Mwalimu anasema anaota mchana. Yapo upungufu wa damu, njaa, usingizi mfupi wa mtoto anayeamka saa kumi alfajiri kuteka maji. Yupo mtoto aliyefiwa na mzazi, na yupo anayesikia vita nyumbani kila usiku. Akili yake darasani haiwezi kutulia, na hiyo si ADHD. Ipo pia malaria ya ubongo. Watafiti waliowafuatilia watoto waliopona ugonjwa huo Kilifi na Kampala wameona kwamba baadhi yao hubaki na matatizo ya kufikiri na umakini. Mzazi wa mtoto kama huyo akimwambia daktari, "Alilazwa na degedege akiwa na miaka mitatu," amempa habari ambayo hakuna video ingemuuliza.

Kila moja kati ya hayo lina njia yake. Sikio linatibiwa. Kifafa kina dawa. Tukikubali jina la kwanza lililokuja na simu, mtoto mwenye kifafa anaweza kukaa miaka miwili akifundishwa mbinu za kupanga daftari.

Nije kwenye fedha, maana mahali penye watazamaji wengi hapakosi muuzaji. Marekani jambo hili limefika mahakamani. Januari 2022 kampuni ya Cerebral iliondolewa mitandaoni tangazo lililohusisha ADHD na unene. Juni 2024 mwanzilishi wa kampuni nyingine, Done, alikamatwa. Waendesha mashtaka walidai kampuni ilitumia makumi ya mamilioni ya dola kwa matangazo ya udanganyifu mitandaoni, na kwamba kupitia kwake vilitolewa zaidi ya vidonge milioni 40 vya kusisimua ubongo. Katikati ya hayo, Oktoba 2022, mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitangaza upungufu wa dawa ya Adderall. Waliokuwa wakiitumia kihalali kwa miaka wakawa wanazunguka maduka ya dawa mikono mitupu.

Hapa kwetu ukubwa si huo, lakini mlango ni ule ule. Dawa za aina ya Ritalin zimesaidia watoto wengi zikitolewa na mtaalamu. Ni dawa zinazodhibitiwa, za kuandikiwa na daktari, kwa sababu huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, hupunguza hamu ya kula na huweza kuvuruga usingizi. Anayekuuzia kupitia WhatsApp na kupokea M-Pesa hajakupima moyo. Wanafunzi wanaopeana vidonge hivyo wakati wa mitihani wanapeana dawa ya mtu mwingine. Na yule anayeuza "virutubisho vya umakini" kwa bei ya karo ya muhula, muulizeni kama bidhaa yake inajulikana kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Anayejiita daktari mitandaoni naye anaweza kutafutwa kwenye orodha ya madaktari waliosajiliwa, ambayo baraza lao huiweka wazi kwenye intaneti.

Jambo moja la haraka kwa wazazi wanaopenda kurekodi. Nimeona video za watoto wakijirusha chini, wakilia, wakivunja vitu, na mzazi akiandika juu yake "maisha na mtoto wangu wa ADHD". Najua wengine wanatafuta faraja ya wazazi wenzao, na kuilea hali hii ni kazi ya kuchosha. Lakini mtoto huyo atafika kidato cha kwanza, na wanafunzi wenzake watakuwa na simu. Sisi katika ofisi ya habari hatuchapishi picha ya mtoto hospitalini bila idhini ya mzazi. Sasa mzazi akiwa ndiye mchapishaji, mtoto ataombewa idhini na nani? Mkitaka kurekodi kwa ajili ya kumwonyesha daktari, rekodini. Wataalamu hupenda kuona. Ibaki kwenye simu yenu.

Basi mtu akishaona video ikamgusa, aende wapi? Nitasema yalivyo. Madaktari wa akili nchini ni wachache, na wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Hamtampata katika kila zahanati, na mtu akiwaahidi hivyo anawadanganya. Lakini safari haianzi kwa daktari wa akili. Inaanza kwa afisa wa kliniki katika kituo cha afya kilicho karibu, ambaye atapima masikio, macho, damu, ataulizia degedege na usingizi, kisha aandike rufaa kwenda hospitali ya kaunti. Mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwenu anaweza kuwaelekeza. Hakikisheni mmejisajili SHA kabla ya kwenda, ili msikwame dirishani.

Kwa upande wa shule kuna mlango mwingine ambao wazazi wengi hawaujui. Tangu mwaka 1984 nchi hii ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, vinavyojulikana kwa herufi EARC, chini ya Wizara ya Elimu. Mwalimu mkuu anajua kilicho karibu. Hapo naomba tuelewane kuhusu nani anafanya nini, kwa kuwa kila wiki napokea simu za lawama zilizokosea njia: hospitali na zahanati ni za kaunti, chekechea ni za kaunti, lakini shule za msingi na vituo hivyo vya tathmini ni vya serikali ya kitaifa. Mtoto ni mmoja, kwa hivyo afisa wa kliniki na mwalimu inabidi wazungumze, na mara nyingi anayewaunganisha ni mzazi mwenye karatasi mkononi.

Karatasi hiyo muiandae. Andikeni mtoto alianza lini kuwa hivi, na anafanya nini nyumbani. Mwombeni mwalimu aandike anachokiona darasani, kwa mifano, bila majina kama mtundu au mvivu. Ongezeni magonjwa aliyougua, saa anazolala, na kama kuna mtu katika ukoo aliyekuwa hivyo. Mara nyingi kuna mjomba. Kijana aende na mtu aliyemjua akiwa mdogo, mama au shangazi, kwa sababu ataulizwa mambo ya Darasa la 2 ambayo hayakumbuki. Ile video pia mwonyesheni mtaalamu, na mwambieni ni sehemu gani iliyowagusa. Hatacheka. Na mkiwa mnasubiri rufaa, kumkalisha mtoto mbele, kumpa agizo moja kwa wakati mmoja na kumlaza mapema hakuhitaji idhini ya mtu.

Mtoto anayepigwa au kuumizwa kwa sababu ya tabia yake, namba 116 ya kusaidia watoto haina malipo na iko wazi usiku na mchana.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha. Maswali ya simu na mitandao nitayajibu mimi, mkono ule wa nyuma nimeuona. Ya dawa na vipimo namwachia afisa wa kliniki, amekaa pale karibu na mlango, na atabaki hadi saa nane kwa wale wasiotaka kuuliza mbele ya watu.